MASHINDANO YA MATAIFA MAKUBWA NA SOMO LA RELI YA UHURU

Katika matawi mengi, mada ya siasa ya dunia hufundishwa kwa methali moja: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Inaeleza maumivu ya wanyonge. Haielezi kazi ya wanyonge. Kada anayeishia hapo hubakiwa na mambo mawili ya kufanya: kulalamika, au kutafuta tembo wa kujificha nyuma yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa siasa.

Makala hii inakusudia kueleza nusu ya pili. Siasa za kijiografia ni elimu ya uhusiano uliopo kati ya ardhi, bahari, njia na madini kwa upande mmoja, na nguvu za dola kwa upande mwingine. Wanafunzi wengi huianza elimu hiyo Washington, Moscow au Beijing. Sisi tutaianzia Barabara ya Morogoro, pale inapotoka Kariakoo, ikavuka bonde la Jangwani, ikapita Magomeni Mapipa na kuelekea Ubungo. Barabara hiyo haiishii Ubungo wala Morogoro. Ndiyo mwanzo wa njia kuu ya kwenda Zambia, nchi ya shaba. Anayeielewa barabara hiyo ameanza kuielewa dunia.

1. MAANA YA MASHINDANO

Taifa kubwa si lile lenye watu wengi tu au eneo kubwa tu. Ni lile lenye uwezo wa kudai na kulinda maslahi yake mbali na mipaka yake, kwa fedha, kwa silaha au kwa ufundi. Mataifa ya namna hiyo yanapogombana juu ya nchi kama yetu, aghalabu hugombania mambo matatu.

La kwanza ni malighafi: zamani pembe, katani na pamba, leo shaba, kobalti, gesi na madini mengine ya viwanda. La pili ni njia: bandari, reli, barabara na bomba, maana madini yasiyo na njia ya kufika baharini hayamnufaishi mnunuzi. La tatu ni uungaji mkono wa kisiasa, yaani kura katika Umoja wa Mataifa, kituo cha kijeshi, au ahadi ya kumnyima adui nafasi.

Hapana budi kada ajizoeze kuyatafuta mambo hayo matatu kila asikiapo neno "msaada" au neno "uwekezaji". Si kwa sababu kila msaada ni hila, bali kwa sababu taifa, tofauti na jirani mwema, halina ada ya kutoa bila kuhesabu. Hesabu hiyo inaweza kukutana na maslahi yetu, na inaweza isikutane. Kuijua mapema ndiyo kazi.

2. KARIAKOO: TULIPOKUWA NYASI

Jina la Kariakoo linatokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa soko likageuzwa kambi ya wapagazi. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo.

Vita ile haikuwa yetu. Ilizuka Ulaya kwa ugomvi wa mabeberu juu ya masoko, makoloni na nguvu za majeshi. Lakini katika nchi isiyo na barabara za magari na yenye mbung'o wanaoua wanyama wa mizigo, risasi na unga wa majeshi yote mawili vilisafiri juu ya vichwa vya watu wetu. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Kabla ya vita hiyo tulikuwa tumekwisha kugawanywa mezani. Kwa mkataba wa Julai 1890, Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapata, pamoja na mambo mengine, kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Baada ya vita, Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji. Katika mikutano yote hiyo hapakuwa na mjumbe wetu hata mmoja.

Huo ndio unyasi kamili: kutokuwa na chombo cha kusemea. Kwa hiyo TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba iliyo mtaa unaoitwa leo Lumumba, na Mwalimu Nyerere alipofika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 1955, jambo la msingi lililobadilika lilikuwa hilo. Wamagomeni wanaoipita nyumba aliyoishi Mwalimu miaka ya kudai Uhuru, ambayo sasa ni makumbusho, yafaa wakumbuke kwamba kutoka kambi ya wapagazi hadi chama cha ukombozi ulikuwa mwendo wa chini ya miaka 40, na umbali wa kutembea kwa miguu.

3. MWAKA 1965: GHARAMA YA KUKATAA

Uhuru ulitupa haki ya kusema. Mwaka 1965 ulitufundisha bei yake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Mashariki. Ulipoundwa Muungano tarehe 26 Aprili 1964, Ujerumani Magharibi ilitaka uhusiano huo ukatwe, kwa kuwa siasa yake ilikuwa kutokubali nchi yoyote kuitambua dola ya pili ya Kijerumani. Tanzania ikatafuta njia ya kati: ikaruhusu konseli kuu ya Ujerumani Mashariki mjini Dar es Salaam bila kuitambua rasmi nchi hiyo. Serikali ya Bonn ilijibu mwezi Februari 1965 kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi. Tanzania nayo ikaitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali.

Mwaka huo huo, tarehe 11 Novemba, walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua kwamba Uingereza isipouvunja uasi huo, wanachama wavunje nao uhusiano. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizotimiza azimio hilo. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukisubiriwa ukasimamishwa.

Kutofungamana na upande wowote, kwa hiyo, si kukaa katikati kama mtu asiye na maoni. Ni kuwa na uwezo wa kusema "hapana" na kuendelea kuishi siku ya pili. Uwezo huo hauji kwa hotuba. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipoonya juu ya kuitegemea fedha ya nje, lilikuwa na mifano ya miaka miwili iliyopita ikiwa bado mibichi.

4. RELI YA UHURU: TULIPOYATUMIA MASHINDANO

Uasi wa Rhodesia uliiweka Zambia kitanzini. Shaba yake, na mafuta na makaa yake, vilipita katika reli iliyokuwa mikononi mwa walowezi. Njia ya Benguela ilipita Angola, koloni la Wareno. Njia iliyobaki ni ya kuja Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mafuta na shaba katika barabara ya vumbi na matope, na ajali zikawa nyingi.

Mpango wa reli ulikuwapo kabla ya hapo. Benki ya Dunia iliukataa mwaka 1964 kwa hoja kwamba hautalipa. Uchunguzi wa wataalamu wa Kiingereza na Kikanada mwaka 1966 ulisema reli inawezekana na ina faida, lakini fedha haikutoka. Wakati huo China ilikuwa imekwisha kuonyesha nia, tangu ziara ya Mwalimu mjini Beijing mwezi Februari 1965. Mkataba wa nchi tatu ukatiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Kwa nini nchi iliyokuwa bado maskini ikubali mzigo huo? Tutumie vipimo vyetu vitatu. Wakati ule shaba haikuwa sababu kuu, wala njia. Sababu kuu ilikuwa ya kisiasa. China ilikuwa imegombana na Marekani, na ilikuwa imegombana pia na Urusi ya Kisovieti. Ilihitaji marafiki katika Dunia ya Tatu, na ilihitaji kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 ilikipata, na Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio hilo. Urafiki ulikuwa wa kweli. Na hesabu nayo ilikuwa ya kweli.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mkopo mmoja uliwasogeza na wengine. Italia ilijenga bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968. Marekani, ambayo haikutaka kujenga reli, ilitoa fedha za kujengea sehemu ya barabara ya lami ya Zambia. Hivyo nchi mbili zilizokosa hata njia moja nzuri mwaka 1965 zilikuwa na njia tatu muongo mmoja baadaye. Hayo ndiyo matumizi ya mashindano: kujua shida yako kabla mgeni hajabisha hodi, kumweleza kila mgeni shida ile ile moja, na kutompa mgeni yeyote ufunguo wa nyumba.

Kariakoo iliingia katika hesabu hiyo kwa njia ambayo vijana wengi hawaijui. Mishahara ya wafanyakazi wa Kitanzania na Kizambia, pamoja na gharama nyingine za ndani, haikulipwa kwa fedha za kigeni. China ilileta bidhaa: vitambaa, baiskeli, vyombo vya nyumbani. Bidhaa hizo ziliuzwa madukani kwa shilingi kupitia mashirika ya umma, na shilingi hizo zikagharimia ujenzi. Kwa maneno mengine, sehemu ya Reli ya Uhuru ililipwa na mama aliyenunua sufuria dukani. Ulikuwa utaratibu wa busara kwa nchi zisizo na fedha za kigeni, lakini ulikuwa na upande wa pili: ilibidi bidhaa za Kichina zinunuliwe kwa wingi, iwe zinafaa au hazifai, na nafasi yake katika soko ikakua.

Ujenzi ulizinduliwa mwezi Oktoba 1970. Reli ya kilomita 1,860 ilifika Kapiri Mposhi, ikiwa na madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, mengi katika milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Kazi ya kutandika reli ilimalizika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia nao walikufa. Anayeandika historia ya reli hii kwa jina la taifa moja tu hawatendei haki wote waliolala humo.

5. NUSU CHUNGU YA SOMO

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini itikadi isiyokubali kuhesabu hasara ni mapambo.

Reli ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika miaka yake bora, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilibeba zaidi kidogo ya tani milioni 1. Mwezi Oktoba 1978 Zambia, ikikabiliwa na mbolea iliyokwama na bandari ya Dar es Salaam iliyosongamana, ililazimika kuifungua tena njia ya kusini iliyopita Rhodesia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabidi kununua vichwa vya treni kutoka Ujerumani Magharibi, kwa kuwa vya awali vilizidiwa na milima. Siasa ya Afrika Kusini ilipobadilika mwaka 1994, mizigo mingi ya Zambia ilielekea kusini au ikapanda malori. Kufikia mwaka 2014/15 reli ilibeba chini ya tani 100,000, na wafanyakazi waligoma wakidai mishahara iliyolimbikizwa.

Je, ni mabeberu waliofanya hayo? Vita vya ukombozi, bei ya shaba na bei ya mafuta ni sababu za kweli. Lakini si mabeberu waliochelewesha vipuri, walioacha mafundi wazeeke bila kurithisha ufundi, au walioufanya uamuzi wa kibiashara usubiri vikao vya serikali mbili. Tulipambana kwa werevu mkubwa kuipata reli. Hatukupambana kwa kiasi hicho kuiendesha. Na nchi isiyoweza kuendesha kilicho chake hurudi kwa aliyekijenga, ikiwa na sauti ndogo kuliko ya mara ya kwanza.

6. MASHINDANO YA LEO

Tembo wa leo wamebadilika. Urusi ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991. China iliyokopesha ikiwa maskini ni taifa la pili kwa uchumi duniani. Shaba inahitajika kwa nyaya, na kobalti kwa betri za magari ya umeme. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia. Mara hii malighafi na njia vimekuja mbele.

Ukanda wa shaba wa Zambia na Kongo una milango miwili mikubwa inayogombaniwa. Wa magharibi ni reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Marekani na Jumuiya ya Ulaya wanauunga mkono. Shirika la Marekani la fedha za maendeleo liliahidi mkopo wa dola milioni 553, na Rais Biden alikwenda Lobito mwezi Desemba 2024. Wa mashariki ni Reli ya Uhuru. Hati ya makubaliano ya kuifufua ilitiwa sahihi Beijing mwezi Septemba 2024, na mwezi Septemba 2025 kampuni ya Kichina CCECC ilipewa mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4.

Mwanafunzi asiyatazame mambo haya kama mchezo wa mpira wenye jezi mbili. Reli ya Benguela, inayoitwa ya Marekani, ilikarabatiwa na Wachina kabla ya mwaka 2015. Moja ya kampuni zinazoiendesha, Mota-Engil ya Ureno, ina mwanahisa mkubwa ambaye ni kampuni ya dola ya China. Na Tanzania yenyewe ilipeleka Makamu wa Rais katika mkutano wa Lobito wa Desemba 2024. Mtaji hauvai bendera moja. Huenda palipo na faida, na bendera huufuata au huutangulia kama inavyofaa.

Tofauti kubwa na mwaka 1967 ni hii. Wakati ule tulikopa, tukamiliki na tukaendesha. Sasa mwendeshaji ni kampuni, nayo lazima irudishe fedha yake kutokana na mizigo. Huenda huo ndio mkataba uliowezekana katika hali tuliyoifikia. Lakini si jambo lile lile, na kuuita kwa nyimbo za zamani ni kuuficha.

7. MASHINDANO HUFIKA MTAANI

Barabara yetu ya Morogoro inayaonyesha haya yote kwa macho. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 hupita katika njia iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mbele kidogo kipo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1968, ili tuvae nguo za pamba yetu. Na Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, pamejengwa kituo kikubwa cha biashara kwa mtaji wa Kichina.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayesafiri Guangzhou kununua mzigo ananufaika na uhusiano huu. Mfanyabiashara huyo huyo analalamika mgeni anapofungua duka la rejareja kando yake. Na malalamiko ya namna hiyo yalifika hadi kwenye amri ya Serikali ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15. Mnunuzi wa Magomeni anataka bei ndogo, aiuze nani. Fundi cherehani na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo wanataka bidhaa za nje zipungue. "Maslahi ya taifa", basi, si kitu kilichokwisha kuandikwa mahali. Ni mapatano kati ya watu wenye mahitaji tofauti, na Chama kisichowasikiliza hakitajua cha kudai mezani.

8. WAJIBU WA KADA

Wajibu wa kwanza ni kusoma mikataba, si kusoma hotuba za uzinduzi. Wa pili ni kukataa mapenzi na chuki katika hesabu za dola. Hata shule zetu zimo: Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa vyama sita vya ukombozi, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Mwanafunzi anayeshukuru kwa jengo na bado akaweza kuuliza swali gumu juu ya aliyelijenga, huyo ndiye aliyefuzu. Wa tatu ni kulinda ufundi. Dereva wa treni, fundi wa reli na mhasibu anayeweza kukagua vitabu vya mwendeshaji ni walinzi wa uhuru kama askari alivyo.

Nyasi haziwezi kuwazuia tembo kupigana. Lakini sisi si nyasi. Tuna bandari, tuna njia na tuna kumbukumbu. Mpagazi wa 1916 hakuulizwa anabeba nini, anampelekea nani, wala kwa malipo gani. Sisi tunaweza kuuliza, na tusipouliza hatutakuwa na wa kumlaumu.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA TAWI

1. Katika mkataba wowote wa reli au bandari unaoujua, ni kipi kinachotafutwa zaidi: malighafi, njia, au uungaji mkono wa kisiasa?

2. Je, Tanzania ingeweza kukataa mwaka 1965 kama ingekuwa na madeni mengi? Eleza.

3. Miaka 30 ya mkataba wa Reli ya Uhuru itakapokwisha, ni mafundi wangapi wetu wawe wameandaliwa, na nani ahesabiwe kuwa na wajibu wa kuwaandaa kuanzia sasa?

4. Katika mtaa wenu, nani anafaidika na bidhaa za nje na nani anaumia? Tawi lifanye nini kuwakutanisha?